Shati Jeupe la Inspekta

Pipa la buluu halikuibwa. Lilikuwa palepale ghalani, kifuniko kimekazwa vizuri. Kilichoibwa ni kile kilichokuwa ndani.

Inspekta alichovya kijiti, akakitazama, akakinusa. Harufu ya rangi ya kupaka ilikuwepo, lakini kwa mbali.

"Haya ni maji," alisema.

"Maji!" alifoka meneja wa kituo cha kuchimba mafuta, mtu mnene aliyefoka hata anaposalimia. "Na dawa yangu iko wapi?"

"Dawa ya nini?"

Meneja alimvuta hadi kwenye tangi kubwa uani. Mafuta ghafi, alieleza, hayatoki kisimani peke yake. Huja yamekumbatiana na maji. Ukiyatia dawa ile kidogo na kuyapasha moto, maji huzama na mafuta huelea, kila mmoja na hamsini zake. Bila dawa hubaki uji mzito wa kahawia. Asubuhi hiyo dereva wa mnunuzi alikuja, akaupima uji huo, akaondoka na lori tupu.

Ili kumwonyesha vizuri, meneja alifungua bomba dogo la kuchukulia sampuli. Bomba likakohoa, kisha likamtemea inspekta kifuani.

Inspekta alikuwa na mapenzi mawili duniani, mkewe na mashati meupe, na shati hili alikuwa amenunuliwa na mkewe.

"Mpe dobi wetu," alisema meneja, kwa sauti ndogo kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ana mkono wa ajabu."

Dobi wa kituo, mgane wa makamo mwenye haya kama kijana, alikuja mbio akalipokea shati kwa mikono miwili. "Kabla jua halijashuka utalivaa, afande." Inspekta aliendelea na upelelezi ndani ya koti la sajini wake, lililombana makwapani.

Mshukiwa alikuwa mmoja tu. Mtunza ghala, mwanamke waliyemwita Mama Funguo, ndiye pekee mwenye ufunguo wa ghala. Meneja alitaka atiwe pingu leo leo. Akifungwa, kazi imekwenda, na nyumba ya kampuni anamomuuguza mama yake imekwenda pia. Alikaa mbele ya inspekta mgongo umenyooka, mikono yake misafi imetulia mapajani.

"Umeiba dawa?"

"Sijaiba."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna."

"Huwa unauacha mahali?"

Alisita kidogo. "Nalala nao, afande. Wananiita Mama Funguo bure?"

"Basi unajifunga mwenyewe."

"Kama ni kufungwa, nitafungwa. Lakini sitamtaja mtu asiye na kosa."

Jibu hilo lilimpendeza inspekta na kumsikitisha papo hapo. Mwizi angekuwa ameshatafuta wa kumsingizia.

Sajini alitafuta alama za vidole kwenye pipa, asipate hata moja. Lilikuwa limefutwa likang'aa. Mlinzi wa lango aliapa kwamba hakuna hata chupa iliyotoka bila kukaguliwa. Basi dawa ilitumika humuhumu ndani. Lakini ni nani anayehitaji dawa ya kutenganisha mafuta na maji, na hana kisima?

Jibu lililetwa alasiri, limepigwa pasi na kukunjwa. Inspekta aligeuza shati mbele na nyuma. Jeupe pepepe. Alilipeleka puani, akatulia. Harufu ya rangi, kwa mbali.

Akatazama uani. Meneja, mafundi, mlinzi, wote ovaroli zao zilikuwa safi kama za siku ya kwanza kazini. Kituo kizima cha mafuta, na hakuna mwenye doa!

"Sajini, lete chupa ya ule uji. Na wote tukutane kwa dobi."

Chini ya meza ya kupigia pasi palikuwa na dumu limefunikwa shuka. Inspekta alidondoshea uji matone machache kutoka dumuni, akaitikisa chupa, akaisimamisha kwenye beseni la maji ya moto. Watu walinyoosha shingo. Taratibu weusi ukapanda juu, maji yakatulia chini.

"Dawa yako hii, meneja. Na nyingine umeivaa."

"Nimeivaa?"

"Wote mmeivaa. Hata mimi."

Mafundi waliangua kicheko wakijinusa mikono. Mama Funguo hakucheka.

"Kila Ijumaa," alisema polepole, "nikimletea dobi ovaroli, huwa nasahau funguo mfukoni. Hunirudishia zimefungwa kwenye kitambaa. Sikusema kwa sababu nilijua si yeye."

Dobi alinyoosha mikono ifungwe. "Ni mimi, afande. Mwache mama wa watu."

"Na ungemwacha afungwe?"

"Nilikuwa nakuja kusema. Nikaona nimalize shati kwanza."

"Kwa nini uliiba?"

Dobi alitazama sakafu. "Mama Funguo alinisema mbele ya watu. Eti kwangu doa linaingia moja, linatoka na ndugu zake. Siku moja nilimwona fundi akijaribu dawa ya pipa jipya kwenye chupa ya uji, mafuta yakakimbia maji. Nikasema, kama yanakimbia maji, yatakimbia na kitambaa. Ijumaa iliyofuata mama alishika ovaroli yake, akacheka, akaniambia, 'Sasa wewe ndiye dobi!' Tangu mke wangu afariki hakuna aliyenisifu kitu. Nikarudia, kila nikichota najazia maji. Nilidhani ni sabuni tu ya mitambo. Sikujua tangi litagoma."

Inspekta alimgeukia Mama Funguo. "Kitu kimoja kinanitatiza. Mtunza ghala hagusi mafuta. Ovaroli yako inapata wapi doa kila Ijumaa?"

Mama Funguo alitazama mlango. Akatazama dari. Akazikamata funguo zake.

"Najipaka," alisema.

"Unajipaka?"

"Pale bombani. Kidogo tu. Sasa ningekuja huku kufuata nini na nguo safi?"

Dobi alikaa chini bila kuangalia nyuma, akaingia mzimamzima kwenye beseni la kusuuzia. Maji yaliruka hadi dirishani. Aliyecheka zaidi alikuwa meneja, na alipopata pumzi akafuta malalamiko yake. Ghalani kulikuwa na pipa jipya ambalo halijafunguliwa, kesho uji ungekuwa mafuta. Na akimfunga huyu, nani atamfulia? Ila kuanzia leo, sabuni tu.

Sajini alikuwa na kalamu mkononi. "Sababu ya kosa, afande. Niandike nini?"

Inspekta alifunga kifungo cha mwisho cha shati lake. "Andika kwamba watu wazima wawili walishindwa kuambiana."

Nyuma yao Mama Funguo alikuwa amempa dobi mkono ainuke kutoka kwenye beseni. Aliinuka, maji yakimchuruzika, na mkono ule hakuuachia.