Gunia la Kamba Nyekundu

Umande ulikuwa haujakauka, lakini Roseline na Dana, nyanya yake, walikuwa wameshaingia shambani kuchuma pamba. Dana alijifunga vikapu viwili kiunoni. Pamba nyeupe, iliyo safi, aliitia katika kikapu cha kulia. Ile yenye madoa ya manjano, iliyonyonywa na wadudu, ambayo wakulima huiita fifi, aliitia katika kikapu cha kushoto. Mkono wake haukusita. Kila pamba ilitoka mtini ikaenda mahali pake.

Roseline, msichana wa miaka kumi na miwili, alijifunga kikapu kimoja tu.

"Viwili vinanigonga mapaja, Dana. Nitachagua nyumbani."

"Haya. Lakini ukishachagua, safi uitie katika gunia la kamba nyeupe. Kamba nyekundu ni ya pamba isiyochaguliwa. Ndiyo sheria ya ushirika."

"Gunia ni gunia," Roseline akanong'ona.

Siku ya Ijumaa Roseline aliketi mkekani kutwa nzima. Aliokota donge moja moja, akaligeuzageuza kama askari anayehoji mgeni: wewe ni safi, au ni fifi? Hadi jioni vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Gunia la kamba nyeupe lilikuwa jikoni, limejaa mahindi, na kuyamwaga aliona ni kazi nyingine. Basi fifi akaiacha mkekani, na pamba yake safi akairudisha katika gunia lile lile la kamba nyekundu.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku ya mwisho ya kununua pamba msimu ule wa 1966. Walimpakia punda gunia lile, wakashika njia ya kwenda stoo ya ushirika, upande wa Rangwe. Roseline alitembea akiimba. Pamba ikipita kuwa safi, Dana angemnunulia kitambaa cha sare ya darasa la sita. Mwalimu mkuu alikuwa ameshasema: asiye na sare asivuke lango.

Ratemo, karani wa mizani, hakuigusa pamba. Aliitazama kamba.

"Haijachaguliwa. Wekeni kando."

"Haijachaguliwa vipi?" Roseline akaruka. "Nimechagua mwenyewe! Yote!"

"Kamba nyekundu."

"Basi tazama ndani!"

"Nikitazama juu, nimeona chini? Gunia lisiposema lina nini, itabidi nihoji kila donge upya, na nyuma yenu kuna foleni mpaka barabarani. Turubai lile pale, na gunia tupu la kamba nyeupe. Chagueni mbele ya mkaguzi. Saa kumi nafunga mizani."

Damu ilimchemka Roseline. "Ananiita mwongo, Dana!"

Pamela, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa ameketi juu ya gunia lenye kamba nyeupe, akichezesha miguu. "Kwani ulitaka karani aote ulichofanya jana?"

"Funga mdomo, wewe! Ulichagua hata moja?"

"Yangu ilichaguliwa ikiwa mtini," Pamela akacheka.

"Tulia, nyathina, mtoto wangu," Dana akasema. "Hiyo hasira ishushe mikononi."

Wakamwaga pamba yote juani. Roseline alichagua kwa ghadhabu, akilitupa kila donge kana kwamba ndilo lililomtukana. Safi. Safi. Safi tena! Jasho lilimwingia machoni. Saa tisa ikapita. Alimkasirikia karani, akamkasirikia Pamela, akalikasirikia jua. Kisha akamwona Dana amepiga magoti juu ya changarawe, magoti yale yaliyomsumbua kila asubuhi. Dana hakusema, "Si nilikwambia?" Laiti angesema! Kimya kile ndicho kilichomfanya Roseline ajikasirikie mwenyewe.

Walipomaliza, upande wa fifi ulikuwa mtupu.

"Hakuna hata moja!" akapiga kelele. "Nilisema!"

"Ulisema," mkaguzi akakubali. "Gunia lako ndilo lililonyamaza."

Roseline alifunga kamba nyeupe kwa nguvu zote, mpaka kiganja kikamwuma. Karani Ratemo akaitazama, akapandisha gunia mizanini. "Safi. Anayefuata!"

"Hukutazama ndani," Roseline akasema, bado amekunja uso.

"Anayeficha fifi chini ya kamba nyeupe hufukuzwa ushirika. Ndiyo maana kamba hii naiamini."

Njiani Roseline alimburura punda, kitambaa cha sare kikiwa kwapani. Mwishowe yakamtoka. "Dana, nilifanya kazi yangu vizuri."

"Vizuri sana. Ndiyo maana inauma." Dana alisimama kupumzisha magoti. "Hata mimi asubuhi, nilipoiona kamba ile, sikujua kama ulimaliza. Kuchagua si kuondoa kibaya tu, mjukuu wangu. Ni kukiweka chema mahali panapomwambia kila mtu ni chema, hata wewe usipokuwepo. La sivyo, kazi moja utaifanya mara mbili, na atakayekufuata ataifanya mara ya tatu."

Walipofika nyumbani, Roseline hakukaa. Aliyamwaga mahindi katika beseni, akalikung'uta gunia la kamba nyeupe, akalitundika karibu na mlango. Kisha akatwaa kikapu cha pili, akakifunga pamoja na cha kwanza kwa fundo ambalo msimu uliofuata Dana mwenyewe alishindwa kulifungua.