Gari Nalo Hushushwa Maji

Hiyo? Hiyo si soksi, mjukuu wangu. Ni sponji ya kufungia mabomba. Limevalishwa kopo la baba yako lisigande.

Baba yako, Tetsuya, alikwenda Osaka kufanya kazi kabla hajaoa. Gari lake akaniachia mimi, hapa Nayoro, kaskazini kwenye theluji. Hilo kopo alilifunga mwenyewe, mbele kabisa, upepo unalipiga. Kazi yake kunasa moshi wenye oili unaotoka kwenye injini, usirudi ndani kuichafua.

Majira manne ya baridi hakurudi. Basi mimi kila asubuhi naliwasha dakika tano, nalisikiliza, nazima. Zamani mngurumo ule ndio ulituambia Tetsuya kafika. Bibi yako Fumie, jikoni, anaacha kukata figili mpaka nizime.

Mwaka wa tano akapiga simu. "Baba, nakuja mkesha wa mwaka mpya. Nipokee stesheni na gari langu. Nataka nilisikie."

Siku yenyewe, asubuhi, baridi kali, theluji inalia chini ya buti. Nikawasha. Paa! Kijiti cha kupimia oili kikaruka, oili ikamwagika. Nikazima haraka.

Fumie akatoka na aproni. "Umelifanya nini gari la mtoto?"

"Sijalifanya kitu! Naliwasha tu."

Nikamkimbilia jirani yetu Bi Kudo, fundi wa matrekta. Akafungua boneti, akagonga kopo. Ko, ko. Kama jiwe.

"Barafu," akasema. "Mzee Sakuma, nyumbani kwako usiku wa baridi unashusha maji kwenye mabomba yasigande?"

"Nashusha! Miaka hamsini nashusha. Kwani mimi mtoto?"

"Na hili kopo?"

"Hilo la oili, dada. Maji yatoke wapi?"

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Moshi wa injini una mvuke. Ukifika kwenye kopo baridi unakuwa maji. Wewe unawasha dakika tano, injini haipati moto sawasawa, maji hayakauki. Yanajaa, yanaganda, yanaziba njia. Moshi unakosa pa kutokea, unasukuma kijiti. Hamu yako ya mtoto ndiyo imeliziba, mzee."

Nikavaa glavu, nikashika gari nyuma.

Tukalisukuma hadi ghalani kwake, penye jiko. Tukaliyeyusha kopo kwa maji ya uvuguvugu. Likatoka tope kama kahawa ya maziwa, tukalikinga kwenye dumu, si kulimwaga kwenye theluji. Akalihamishia kopo karibu na injini, penye joto, mbali na bomba la moshi. Mipira inayopitisha moshi hadi kwenye kopo akainyoosha iteremke, maji yasituame. Akalivisha sponji ya mabomba inayostahimili moto. Oili tukaongeza.

"Ukiliwasha, liendeshe nusu saa," akaniambia. "Usilisikilize tu! Na kila wiki, ukirudi, zima, kisha shusha maji ya kopo."

Jioni nikaliendesha hadi stesheni. Tetsuya alikuwa amesimama nje na begi, kakonda. Hakunisalimu. Aliweka mkono kwenye boneti, akafumba macho.

"Linanguruma vilevile, baba."

"Na mimi je? Mimi singurumi?"

Akacheka. Halafu akainama, akaniamkia.

Nyumbani nikazima injini. Jikoni kisu kimenyamaza, kama kila siku. Ila safari hii mlango ulipofunguka, jozi za buti zilikuwa mbili.

Fumie alitazama zile buti kwanza. Akajifuta macho kwa aproni.

"Mwiteni na Bi Kudo," akasema. "Halafu kaeni. Tambi za mkesha zinavimba."

Tukakaa, sote wanne, tukala.