Siri ya Kondoo Watatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia zizi na kuhesabu kondoo. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini asubuhi ile alitulia kama maji ya mtungini. Kondoo wa tatu alikuwa ametupa mimba ndani ya wiki moja, na baba alikuwa akiokota kitoto kilichokufa kwa mikono mitupu.

"Haya yaishie humu humu," baba alisema. "Jumamosi ni mnada. Nani atanunua kondoo wenye mkosi?"

Mvua ilikuwa imenyesha mwezi mzima. Madimbwi yalijaa nyuma ya zizi, na mbu waliuma hata mchana. Chiriku aliogopa. Alasiri alikwenda kwa shangazi yake, daktari wa mifugo, akamweleza yote.

"Ila usimwambie baba kuwa ni mimi," alimsihi.

"Sitamwambia," shangazi aliahidi.

Kesho yake shangazi alifika na wenzake wawili, wamevaa buti na glavu. Walitaka kuchukua damu ya kondoo na kutega mbu. Baba aliziba mlango wa zizi.

"Umepotea njia, dada. Hapa hakuna kondoo aliyetupa mimba."

"Wako watatu," shangazi alijibu mbele ya majirani. "Chiriku amewahesabu."

Baba alimgeukia mwanawe, akamkazia macho. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu aliyemwamini kuliko wote alikuwa amemsaliti mchana kweupe. Damu ya kondoo ikachukuliwa, zizi likafungwa, kondoo wasiuzwe wala wasichinjwe, na kwa siku mbili baba hakuitikia hata salamu yake. Shangazi alipopiga hodi, Chiriku alijifungia chumbani.

Siku ya tatu baba aliamka na homa kali, macho yakimuuma.

"Malaria tu," alinung'unika.

Lakini shangazi alikuwa ameshaiarifu hospitali, na baba alipofikishwa huko, daktari alimuuliza mara moja: "Ulishika vitoto vya kondoo vilivyokufa?" Baba akakiri. Akalazwa na kupimwa. Damu yake na ya kondoo zikakutwa na virusi vile vile, vinavyoenezwa na mbu na hata kwa kumshika mnyama aliyeambukizwa.

Baba alipopata nafuu, Chiriku alimkuta shangazi amesimama kando ya kitanda.

"Uliniahidi," alimwambia.

"Nilikuahidi, nikavunja. Niwie radhi, mwanangu. Sikupaswa kuahidi nisichoweza kutimiza." Shangazi alishusha pumzi. "Mnyama hawezi kusema anaumwa. Sisi tusipomsemea, mbu watautoa ugonjwa kwake na kuuleta kwa watu. Sasa tunanyunyiza dawa kwenye madimbwi, na kule ambako ugonjwa haujafika tunachanja mifugo."

Chiriku aliinamisha kichwa. Maneno aliyaelewa, lakini kinyongo hakikumtoka chote.

Baba alimshika mkono. "Usimchukie shangazi yako. Msaliti ni mimi. Nilitaka wenzangu wanunue ugonjwa kwangu, wakaupeleke nyumbani kwa watoto wao, na wewe nikakufundisha kuficha. Siri inayoweza kuua watu haitunzwi, mwanangu, hata kama aliyekupa ni baba yako."