Imondo ya Mzee Patrobas

"Pheli, unga wote umetoka!"

"Umetoka ukaenda wapi?"

"Umebanduka ndani ya mafuta! Na nikidunga nyama na uma, damu inatoka!"

Phelister, rafiki wa Amondi wa kazini Industrial Area, alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Kwani huyo ni kuku gani?"

"Jogoo wa kienyeji. Wazazi wa Luseno walimtuma jana na basi kutoka Kakamega."

"Wewe Amondi! Jogoo wa kienyeji anachemshwa kwanza alainike, ndio umpake unga. Hukujua?"

Hakujua. Na angejulia wapi? Kila Ijumaa mpenzi wake Luseno akija kwake Komarock hukuta kuku krispi mezani, akiuma anasikika hadi kwa jirani. "Beb, umepika wewe?" "Sasa nani mwingine?" Kumbe kuku walikuwa wakitoka kibandani kwa Dedan, hapo nyuma ya steji, na karatasi za Dedan zikitupwa pipa la mbali. Luseno naye, na mdomo wake huo, akawasifia wazazi mpaka wakafunga safari kumwona msichana wa kuku. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumkubali au kumkataa.

Simu ikalia meseji ya Luseno: "Beb tuko Kayole. Baba amekataa chai, anasema anawekea kuku wako nafasi 😂"

"Pheli, nitafanya nini?"

"Kimbia kwa Dedan! Ukweli utausema baada ya harusi."

Akakimbia, akanunua. Jogoo wa watu akatiwa ndani ya sufuria, akafunikwa, akasukumwa chini ya sinki.

Luseno akaingia na wazazi wake, Mzee Patrobas, mstaafu wa reli, na mkewe Mama Nekesa. Mzee akaomba, akabariki chakula na mikono iliyokiandaa. Mikono yenyewe Amondi aliificha chini ya leso.

"Wacha we!" Mama Nekesa akauma kipande. "Hii inalia kwa meno!"

"Si niliwaambia?" Luseno alijaa kiti chote kwa raha.

Mzee hakuuma. Alikuwa akigeuza vipande kimoja kimoja.

"Bawa. Paja. Bawa. Kidari. Bawa." Akainua macho. "Mama Luseno, jogoo wetu alikuwa na mabawa matatu?"

Wakacheka wote. Amondi pia alicheka.

"Haya, nipeni imondo yangu."

Jamani, hapo ndipo penyewe. Kwa Waluhya imondo, ile firigisi, ni ya mzee wa nyumba. Mpe kuku mzima bila imondo, atakuambia hajala. Amondi ni Mjaluo wa Baba Dogo, lakini hilo alilijua vizuri, na Luseno alikuwa amemkumbusha tena juzi. Na imondo ilikuwepo, chini ya sinki, kando ya jogoo mwenye damu. Kuitoa ni kutoa uongo wote. Akafungua mdomo, na kilichotoka hata yeye hakukitarajia.

"Nilikula, Baba."

Mama Nekesa akaweka kipande chake chini.

"Ulikula imondo ya mzee?"

"Nilikuwa naonja chumvi."

"Chumvi inaonjwa kwa imondo?"

Mzee akasukuma sahani polepole. "Nileteeni maji ninawe." Na alikuwa hajatia kitu mdomoni.

Amondi akaenda kuchukua maji, Luseno akamfuata jikoni.

"Amondi, umenifanyia nini? Hata kama ulikuwa na njaa!"

"Sikula."

"Sasa?"

Akavuta sufuria. Luseno akafunua. Jogoo alikuwa mweusi huku, mwekundu kule, unga umemning'inia vipande vipande.

"Na zile za mezani?"

"Za Dedan."

"Na za Ijumaa?"

Amondi akarudisha kifuniko.

"Amondi. Za Ijumaa?"

"Zote."

Luseno akashika kichwa. "Ndio maana nikipita pale Dedan ananicheka! Nimekusifu kazini, nimekusifu kanisani. Kumbe mimi ndiye mjinga wa steji nzima!"

"Nisamehe. Nisemee kwa Baba, tafadhali."

"Niseme nini? Nenda useme mwenyewe."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Amondi iliishia jikoni. Aliinua sufuria, akaenda nayo sebuleni. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Wazee walikuwa tayari wamesimama.

"Baba, nimedanganya. Mimi sijui kupika kuku krispi. Hizi nimenunua. Jogoo wenu ni huyu, nimemharibu. Imondo hii hapa, sijaila. Niliona heri mniite mlafi kuliko mjue sijui kupika."

Mzee akachungulia sufuria.

"Huyu alikukosea nini?"

Amondi akalia. Mama Nekesa akavua koti, akalitupa kwenye kiti.

"Ungesema tu hujui! Kwani mimi nilizaliwa nikijua? Bandua huo unga wote. Weka maji na tangawizi."

Wakaingia jikoni. Jogoo alichemka mpaka uma ukapita bila kusukumwa. "Mkaushe na kitambaa. Akiwa na maji, unga haushiki," Mama alisema. "Sasa unga, yai, unga tena. Ngoja mafuta yapate moto kwanza. Usimgeuzegeuze!" Amondi alitii huku akijifuta macho kwa mkono wenye unga.

Luseno akasimama mlangoni.

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Ningekula hata ugali na sukuma, Amondi. Mimi nilikuja kukuona wewe."

Aibu ikampanda upya, kubwa kuliko ya mezani.

Jogoo akaletwa, imondo kwenye sahani yake peke yake. Mzee Patrobas akaitazama, akachukua kisu, akaikata katikati. Nusu akamsogezea Amondi.

"Chukua."

"Hapana, Baba. Hiyo ni yako."

"Baba Luseno!" Mama Nekesa akashtuka. "Tangu lini mwanamke akala imondo?"

"Huyu amesema mbele yangu amekula. Mimi sitaki mkaza mwana mwongo. Kula, yawe kweli."

Luseno akamwinamia sikioni. "Umesikia amekuita nani?"

Alikuwa amesikia. Akatia imondo mdomoni, akaitafuna kichwa chini, akilia mbele yao wote.