Mwanamume Aliyetiwa kwenye Ratiba

Marzia aliwahesabu watalii wake mara tatu ndani ya njia ndefu iliyochimbwa mwambani kutoka stesheni ya Manarola, kijiji cha pwani ya Italia, na mara zote tatu wakawa ishirini na mmoja. Asubuhi ile, La Spezia, walikuwa wamepanda treni watu ishirini na saba. Treni nyingine ilikuwa imetema abiria muda huohuo, makundi yakakutana, kila mwongozaji na kijiti chake juu, na chake yeye kilikuwa na kitambaa chekundu. Aliwapanga waliobaki ukutani, akawakataza kusogea hata unyayo, akaenda mbio hadi baa ya Tullia, mwanamke wa kijijini aliyemfahamu.

Tullia alikuwa akicheka kabla hajaulizwa. Akamwambia kwamba amewaona wageni wake sita, wale Wadenmaki, wakipanda ngazi za mashambani, kwa adabu kabisa, nyuma ya binamu yake Nevio. Nevio alikuwa amebeba mti mrefu wa mwanzi begani, na nchani amefunga kitambaa chekundu ili asimtoboe mtu jicho.

Marzia alizipanda ngazi hizo na shati lake jeupe la kazi, skafu ya buluu shingoni na hasira kifuani. Alipofika juu, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Wadenmaki wake walikuwa wamejipanga mstari katikati ya matuta ya mizabibu, wanapasiana mawe, nyuso nyekundu kwa furaha. Walidhani ni sehemu ya safari waliyoilipia.

"Kaka, hawa ni watu wangu," alisema.

Mwanamume aliyekuwa ameinamia ukuta akajinyoosha. Alikuwa na kofia ya majani iliyokatika ukingo, fulana iliyopauka kwa kufuliwa, na mikono ya mtu anayeinua mawe tangu utotoni.

"Wachukue. Ila yule mrefu niachie mpaka saa kumi. Anajua kuchagua mawe."

"Ulishindwa kuwaambia wamepotea?"

"Kwa lugha gani, dada? Nimegeuka nikakuta watu sita nyuma yangu. Nikasimama, wakasimama. Nikatembea, wakatembea. Nikasema basi, Mungu kaniletea vibarua."

Marzia alikuwa amejiandaa kumpasha. Badala yake alicheka, akacheka mpaka akakaa juu ya ukuta ule ule, na treni ya kwenda Vernazza ikawaacha. Kesho yake alipopita na kundi jingine, Nevio alikuwa mlangoni kwa Tullia na mwanzi wake, kitambaa kikiwa cha kijani. Alisema amebadilisha rangi asije akashitakiwa.

Mapenzi yao yakaanzia hapo, na tangu mwanzo yalibanwa na saa. Ratiba ya kampuni iliipa Manarola dakika arobaini za kila mtu kuzurura apendavyo. Ndizo walizokuwa nazo. Kumi ziliishia kuwaonyesha watu msalani. Nyingine zilikwenda kwa mtu aliyepoteza tiketi, au aliyetaka kujua kwa nini nyumba hii ni ya waridi na ile ya manjano. Zikibaki ishirini, walikaa nyuma ya baa wakila dagaa wa kukaanga kwenye koni ya karatasi, magoti yakigusana, na jicho moja la Marzia likiwa kwenye saa. Nevio alikuwa hawezi kuacha matuta, kwa maana ukuta ukibomoka leo, mvua ya kesho inateremsha shamba zima. Marzia naye, kuanzia Aprili hadi Oktoba, hakuwa na siku ya kupumzika. Jioni walipigiana simu, mmoja akiwa kwenye treni, mwingine akisinzia.

"Umekula?"

"Nimekula nimesimama."

"Anayekula amesimama ni punda, mpenzi."

"Njoo unilishe basi, wewe usiye punda."

"Jumapili. Mama anapika. Kila Jumapili anaweka sahani ya tatu mezani, halafu anaiondoa bila kusema kitu. Nakwambia ukweli, ninaichukia hiyo sahani."

Jumapili ndiyo siku ambayo watalii hufurika kuliko zote. Marzia aliahidi, akaahirisha, akaahidi tena.

Mwezi wa Juni akapata wazo, na kwa kuwa alikuwa mwongozaji, wazo lake likawa la kiuongozaji. Aliishawishi kampuni iongeze kituo kimoja Manarola: robo saa kule juu mashambani, kumwona mjenzi wa kuta za mawe zisizotiwa saruji. Arobaini na kumi na tano ni hamsini na tano. Hesabu hiyo ilimfurahisha kama msichana wa shule. Hakumuuliza Nevio, alitaka iwe zawadi.

Siku ya kwanza Nevio alifurahi kweli kumwona akichomoza kule juu. Lakini huwezi kuwasimamisha watu ishirini na saba juani ukakaa kimya. Ilimpasa Marzia aseme kitu, akasema kwa Kiingereza, ambacho Nevio hakijui, kwamba huyu ndiye mjenzi wa mwisho kijijini, anaishi na mama yake mzee, hajaoa. Wanawake wakaguna kwa huruma. Kesho yake akasema vilevile, wakaguna tena. Kufikia Julai alikuwa akijua mahali hasa pa kunyamaza ili mguno uje, na wageni wakawa wanaandika mtandaoni kuhusu mpweke wa Manarola. Walimpiga picha. Mmoja alimbinya mkono kupima msuli. Mwingine aliweka sarafu ya yuro mbili juu ya jiwe ambalo Nevio alikuwa ndiyo kwanza amelipanga.

Nevio alivumilia, akidhani ndiyo gharama ya kumwona. Mpaka siku moja ya Agosti Tullia alipompandishia mkate na maji, akakuta Marzia yuko katikati ya maelezo. Tullia anakijua Kiingereza.

Kesho yake, nyuma ya baa, Nevio hakugusa dagaa.

"Nasikia mimi ni wa mwisho," alisema. "Mjomba wangu yuko tuta la pili. Umemzika lini?"

"Nani kakwambia?"

"Na sijaoa."

"Kwani umeoa, Nevio?"

"Sijaoa. Na mchumba je, sina?"

Marzia akaitupia jicho saa yake.

"Kila siku unawaambia watu ishirini na saba mimi ni nani," Nevio aliendelea, bila kupaza sauti. "Hujawahi hata siku moja kuwaambia wewe ni nani wangu."

"Ni kazi. Watu wanapenda kusikia kitu cha kuwagusa."

"Watafutie kingine. Mimi nitoe humo."

Aliinuka. Marzia naye aliinuka amfuate, simu yake ikalia: bwana mmoja wa kutoka Uholanzi ameteleza kwenye miamba ya bandarini na kifundo cha mguu kimevimba. Akasimama pale katikati, huku mwanamume wake akipanda, kule mgeni wake akilia. Akaenda kwa mgeni. Alimfunga bandeji huku akimlaani kimoyomoyo, yeye na viatu vyake vya kuteleza.

Zikapita wiki tano. Kituo kile Marzia alikuwa amekifuta siku ileile ya ugomvi. Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mwingine mrefu zaidi, akautuma. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Nimesoma." Neno hilo moja lilimchoma kuliko tusi. Alilitazama safari nzima ya treni kutoka Riomaggiore hadi Monterosso, akatamani kuitupa simu baharini.

Katikati ya Septemba ikaja siku ambayo kila kitu kilikataa. Treni zilikuwa zinagoma kuanzia saa saba mchana, jambo ambalo Marzia alilijua mapema, akategemea boti. Saa nane bahari ikachafuka na boti haikuweza kutia nanga. Kibasi cha kijiji kilikuwa na foleni ya kukatisha tamaa. Dereva wa kampuni akapiga simu kwamba analileta basi kubwa, ila ataishia Volastra, kule juu kilimani, kwani kwenye barabara ya kushuka hawezi kugeuza. Kutoka Manarola hadi Volastra kwa miguu njia ni moja, nayo inapita katikati ya shamba la Nevio.

Alimpigia kumtahadharisha. Simu iliita mpaka ikachoka. Basi akawakusanya watu wake chini ya ngazi na kuwaambia kwa sauti ya mwalimu mkali kwamba huko juu watawakuta watu wakivuna zabibu. Hakuna kupiga picha, hakuna kutoa sarafu, hakuna kuwatazama. Wapite tu.

Wakapita. Watu ishirini na saba, wenye kofia na mabegi, walipanda kati ya mizabibu wameinamisha vichwa, bila neno, kila mmoja akitazama visigino vya mwenziwe. Nevio alikuwa amepiga magoti na mkasi wake, na karibu yake mama yake, Irma, mwanamke mfupi mwenye aproni ya maua. Irma aliwatazama mpaka wa kumi.

"Nani kafa?" akauliza.

Marzia alikuwa nyuma kabisa, amemshika mkono Bi Hedvig, mgeni wa kutoka Hamburg, ambaye goti lake lilikuwa limegoma sambamba na treni. Nevio akasimama.

"Umewaambia nini hawa?"

"Kwamba hupendi kutazamwa."

"Umenifanya nionekane mwenye ukoma sasa."

"Nikisema, kosa. Nikikaa kimya, kosa. Nilipiga simu, hukupokea. Unataka nipite wapi, hewani?"

Bi Hedvig akakaa juu ya kreti la zabibu na kutangaza kwa Kijerumani jambo ambalo halikuhitaji mkalimani. Marzia aliomba kile kigari cha reli moja kinachopandishia zabibu. Nevio akasema kigari ni cha zabibu, kupakia mtu hairuhusiwi.

"Nevio," alisema Irma, "mpakie mama wa watu. Na wewe binti, ndiwe yule wa sahani?"

"Ndimi, mama," alisema Marzia, na uso ukamwaka.

Kigari kilipanda polepole kikinguruma, Bi Hedvig amekaa kati ya makreti mawili kama malkia, na wao wawili wakitembea kandokando ya reli. Kelele za injini ziliwapa faragha ambayo hawakuwahi kuipata miezi yote ile.

"Nilikiweka kile kituo ili nikuone robo saa zaidi," alisema Marzia. "Ukweli ndio huo. Halafu wakaguna, nikaupenda mguno. Huo nao ni ukweli, na naona aibu."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Ningekataa."

"Si unaona?"

"Sioni kitu. Nimechoka, Marzia. Nimechoka kupendwa na mtu anayetazama saa."

Na ubaya ni kwamba hata wakati huo Marzia alijua ni saa kumi kasoro dakika tano.

Volastra, mbele ya kanisa, basi lilikuwa linapiga honi. Aliwahesabu watu wake mlangoni, ishirini na saba kamili, kisha akamgeukia Nevio na kumwomba aseme neno lolote, hata baya.

"Nina zabibu chini," alisema Nevio.

Marzia akapanda na kukaa kiti cha mbele, meno ameyauma asilie mbele ya wateja. Dereva alikuwa ameshaweka gia pale mlango ulipogongwa. Nevio akaingia na buti zake za udongo, mikono myekundu kwa maji ya zabibu, kofia mkononi. Dereva akauliza kama huyu yumo kwenye orodha.

"Yumo," alisema Marzia.

"Mama kanipigia," Nevio alieleza, akikaa kando yake bila kumtazama. "Kasema nisirudi kule na uso huu. Zabibu atavuna na mjomba."

Basi likaanza kupindapinda kuelekea La Spezia. Nyuma kukawa na minong'ono, kisha Bi Hedvig akauliza kwa sauti, kwa Kiingereza, kama huyu si yule waliyemsoma mtandaoni, yule wa mwisho, ambaye hajaoa.

Marzia alitazama mbele kona nzima. Halafu akachukua kipaza sauti. Alisema kwamba aliyeeneza maneno hayo ni yeye. Mjenzi wa mwisho si huyu, kuta zile zinajengwa na wengi, akiwemo mjomba wake. Hakuwa mpweke, alikuwa na mchumba aliyempitia kila siku na wageni ishirini na saba, akaona haya kusema ni wake. "Mchumba huyo ni mimi," alisema. "Ninampenda tangu Aprili. Kama bado atanioa, sijui, maana sijamuuliza."

Hakuna aliyeguna.

"Umewaambia nini?" aliuliza Nevio.

Akamwambia yote kwa lugha yao, bila kuruka kitu. Nevio alitazama mikono yake. Ikapita kona, ikapita nyingine.

"Wanangoja jibu?"

"Wanangoja."

"Na wewe?"

"Usinichoshe, Nevio."

"Waambie ndiyo," alisema. "Halafu zima hicho kidude."

Marzia alikizima kwanza.