Baba Hakusafiri

Kila jioni Yasmina alikaa mlangoni kwao, mtaa wa Jabe, akiangalia pikipiki zinazopita. Alikuwa akimngoja baba yake. Mama yake, Saliha, alikuwa jikoni akikoroga maharage. Hakuwa na nguvu ya kumwita ndani.

Baba, fundi Ilias, alikuwa amekufa kwa ajali ya barabarani. Wakati wa matanga mtoto alipelekwa kwa shangazi yake, mtaa wa Carama. Aliporudi, wakubwa walimwambia baba amesafiri. Eda ya Saliha ilianza, ikaisha, na Yasmina bado alingoja. Alikonda. Akaanza tena kukojoa kitandani. Saliha alijiona kama mtu aliyezikwa pamoja na mumewe, ila bado anapika.

Jirani yao Huguette alifanya kazi katika maktaba ya umma. Huko watunzi na wasimulizi hualikwa kuzungumza na watu, na kuingia ni bure. Alimsihi Saliha amlete mtoto. Saliha akaenda, maana hata kukataa kulimchosha.

Siku hiyo mgeni alikuwa Daphrose, msimulizi kutoka Gihosha. Alisimulia habari za korongo aliyefiwa na mwenzake. Yasmina akanyoosha mkono.

"Huyo mwenzake atarudi lini?"

"Harudi," Daphrose alijibu kwa upole. "Amekufa. Aliyekufa harudi."

Saliha alimshika mtoto mkono, akatoka naye.

Huguette aliwafuata hadi kwenye ngazi. Saliha alimlaumu kwamba amemtesa mtoto wake. Huguette hakubishana. Alimweleza pembeni, mtoto asisikie, kwamba mtoto anayedanganywa hivyo huona ameachwa, na mara nyingi hujitafutia kosa. Aambiwe wazi kwamba baba amekufa, si kwamba amelala au amesafiri. Aambiwe na mtu anayempenda. Aachwe aulize na alie, hata akirudia swali lilelile.

"Mi siwezi," Saliha alisema.

"Hata ukilia, Mama Yasmina, mwambie tu. Nitakaa hapa na ninyi."

Saliha akakaa kwenye ngazi, akamwambia Yasmina kwamba baba amekufa.

"Ni juu ya simu yake niliiangusha ikavunjika?"

Miezi yote ile mtoto alikuwa amelibeba hilo peke yake.

"Apana, mwanangu. Si kosa lako. Gari ilimugonga. Baba alikuwa anakupenda."

Wakalia wote wawili, watu wakipita.

Maisha hayakuwa mepesi baada ya hapo. Swali la lini baba atarudi lilikuja asubuhi, likarudi mchana, na kila mara Saliha alijibu. Walikwenda makaburini, wakamwombea Ilias dua. Polepole mtoto akaanza kula. Akaanza kuamka kitanda kikiwa kikavu.

Wakarudi maktaba kumsikiliza mtunzi mwingine. Msichana aliyekaa karibu alimwuliza Yasmina baba yake anafanya kazi gani.

"Alikufa," Yasmina alisema. "Alikuwa anatengeneza pikipiki."

Neno hilo lilimchoma Saliha upya. Akamvuta binti yake karibu, wakaendelea kusikiliza.