Insulini Kwenye Friza ya Mama Jesse

Wiki ile Salvina alikunywa maji mengi kuliko ng'ombe wa baba yake. Baba mwenyewe, Melkior wa Uru, alikuwa anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Akamwona binti yake anakimbilia chooni mara ya tatu, na jua hata halijapanda.

"Pima sukari," akamwambia.

Salvina ana miaka kumi na minne. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hiyo hujichoma sindano ya insulini kila siku. Akajitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo.

"Ishirini na mbili, baba."

Melkior akaweka panga chini. Juzi ilikuwa kumi na tisa, na kliniki walitaka isizidi kumi. Sindano amechoma. Chai kanywa bila sukari. Ndizi amekula kiasi kilekile alichopangiwa kliniki. Sasa sukari inatoka wapi? Inanyesha?

Akawaza, akawazua, akairudia shaka yake ya tangu juzi: friza ya Mama Jesse. Kwa Melkior hakuna friji. Insulini waliiweka kwa jirani huyo, katikati ya barafu za ubuyu anazowauzia watoto. Salvina ndiye aliyekwenda kuichukua asubuhi na jioni.

"Wewe! Unaramba barafu za Mama Jesse?"

"Sirambi, baba."

"Toa ulimi."

Salvina akautoa wote. Haukuwa na wekundu wa ubuyu. Ulikuwa mkavu tu.

"Nitoe na koo?" akauliza. Lakini machozi yalimlengalenga. "Tangu juzi umemwambia Mama Jesse anichunge kama mwizi. Haya, niambie wewe kwa nini sukari inapanda. Mimi sijui."

Wakashuka Moshi mjini asubuhi ileile, hadi kliniki ya kisukari ya watoto na vijana. Nesi Bernadetha aliwapokea.

"Shikamoo, nesi," Salvina akasalimia.

"Marahaba, mwanangu. Baba Salvina, mbona uso umekunjamana?"

"Nimechanganyikiwa, nesi. Ama mtoto ananidanganya, ama kipimo kimelewa mbege."

Nesi akapima damu, akapima na mkojo. Akakagua ngozi pale Salvina anapojichoma. Kisha akauliza, "Insulini mnaiweka wapi?"

"Kwenye friza!" Melkior akajibu kwa fahari. "Inaganda kama jiwe. Asubuhi tunaiyeyusha."

Nesi akashika kichwa. "Nani kakufundisha?"

"Si mtaalamu wa mifugo? Mbegu za dume huja zimegandishwa. Anaziyeyusha, anampandisha ng'ombe, tunapata ndama. Nikasema, basi dawa ya thamani ndivyo inavyotunzwa."

"Baba, utanizalisha ndama!" Salvina akasema. Hata nesi alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Insulini ikiganda imeharibika. Hata ikiyeyuka, usiitumie. Binti yako alijichoma dawa isiyo na nguvu. Hana kosa."

Melkior akatazama sakafu. "Mlisema joto baya, sasa na baridi mbaya. Niiweke wapi, kwapani?"

"Kwenye friji ni sawa, mbali na sehemu ya kugandisha. Kama hamna friji, chukua vyungu viwili. Kidogo kiingie ndani ya kikubwa. Katikati jaza mchanga, umwagie maji kila siku. Chupa ifungwe kwenye mfuko, ikae chungu cha ndani, kivulini. Na akianza kutetemeka na kutoka jasho, apime. Sukari ikiwa imeshuka, mpe maji ya sukari upesi."

"Mgonjwa wa sukari nimpe sukari?"

"Ndiyo. Ikishuka mno inaweza kuua. Na ikipanda, akatapika au akahema kwa nguvu, mkimbize hospitali. Msikae nyumbani kuulizana."

"Nesi, kichwa changu kinazunguka."

"Mimi nimeelewa, baba," Salvina akasema. "Nitakuwa nakukumbusha."

Walikaa chini ya uangalizi hadi sukari ilipoanza kushuka. Wakapewa insulini mpya. Jioni ile Melkior alitafuta vyungu, akachota mchanga.

Baada ya wiki kipimo kilisoma nane. Salvina alilala usiku kucha bila kwenda chooni, na darasani hakusinzia tena.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Melkior alimsimamisha Mama Jesse. Akamwita na binti yake. Kule kwao, chini ya Kilimanjaro, baba kumwomba mtoto msamaha ni mlima mwingine wa kupanda.

"Mama Jesse," akasema, "mtoto wangu alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea. Salvina, nisamehe."

Salvina akatega sikio. "Rudia, baba. Sijasikia vizuri."

Melkior akarudia.